Saa za Sumaiya

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Muhula umefunguliwa. Kompyuta kumi na tano katika maabara ya Chuo cha Ufundi Nuru ya Kusini, Msambweni: zinawaka zote, na hata moja haifai. Mfumo uliomo ndani yake umezeeka, waliouunda wameupa mgongo, na ukiwasha mashine unapokewa na onyo. Mtihani wa cheti ni tarehe ishirini Mei.

Nilimwambia mkuu wetu, Bwana Mwinga, tangu muhula uliopita, kwamba nitaweka mfumo mpya katika mashine zote kwa mkono wangu, moja baada ya moja, na kwamba nitahitaji wiki tatu. Leo ameniita ofisini akiwa na furaha, na Bwana Mwinga akiwa na furaha huwa kuna mtu ataumia. Amesema amenipatia msaidizi.

Msaidizi mwenyewe ni Sumaiya Chande wa Tiwi. Huyu nimemfundisha mimi. Miaka minane iliyopita aliletwa hapa wakati wa likizo, msichana mwembamba wa kidato cha pili, akishika kipanya kwa ncha za vidole kama kwamba kitamng'ata. Nilimshika mkono nikamwonyesha. Sasa amemaliza chuo kikuu na amerudi na miwani. Aliponiona aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba nimekunja uso tangu saa nne.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Bwana Mwinga ameniomba ufunguo wa maabara ili ampe Sumaiya, kwa kuwa yeye hufika mapema. Nilikuwa nao miaka kumi na moja. Nimeutoa kwenye mkufu wangu nikampa, nikasema hakuna neno.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo Sumaiya amefundisha, mimi nimekaa nyuma pamoja na wanafunzi.

Nieleze kwanza jinsi ninavyoweka mfumo mimi. Skrini yangu ni nyeusi, herufi nyeupe. Ninaandika amri moja, mashine inajibu, ninaandika nyingine. Ukikosea nukta umeanza upya. Amri zote ninazo kichwani. Kwa miaka kumi na moja watu wa chuo hiki walipita nyuma ya kiti changu wakatazama, wakatikisa kichwa, wakasema Bi Mwanatumu ni mtu mwingine. Sitadanganya humu: nilikuwa nikipapenda mahali pale kuliko mshahara.

Sumaiya ameingia na flashi moja ndogo. Ameichomeka kwenye mashine ya mbele, na skrini nyeusi haikutokea kabisa. Imetokea picha ya rangi ya samawati na orodha ya lugha. Ameshuka na kipanya pole pole, akipita Kiingereza, akipita Kifaransa, mpaka akafika mahali palipoandikwa Kiswahili. Akabofya. Ukurasa mzima ukageuka ukawa wetu. Karibu, ikasema. Chini yake kitufe kikubwa: Sakinisha.

Darasa likafanya kelele kana kwamba timu yao imefunga bao. Nusra akauliza sakinisha ni nini. Nikasubiri kwa hamu, maana neno hilo hakuna anayelitumia sokoni. Sumaiya akasema ni ndugu wa neno maskani. Kusakinisha ni kuufanya mfumo ukae ndani ya mashine, uwe mwenyeji. Nusra akaliandika. Wote wakaliandika. Hata mimi kidole kilinicheza, nikakizuia.

Baada ya hapo ni kubofya tu. Chagua kibodi, endelea. Diski ikaonyeshwa kama mstari mnene wenye rangi mbili, ya zamani na mpya, nawe unavuta mpaka kwa kipanya kama mtu anayegawa shamba. Endelea. Andika jina lako. Endelea. Weka saa na tarehe, kwa kuwa maabara haina mtandao wa kuisahihisha mashine. Endelea. Dakika ishirini na tano, kwisha. Kazi ninayoifanya kwa siku nzima huku nikiwafukuza watu wasinisemeshe.

Bwana Mwinga alikuwa mlangoni. Alisema, "Kumbe ni rahisi hivi." Hakunitazama, lakini maneno yalifika.

Huyu Nusra niliyemtaja ni mama wa watoto wawili, anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Hoteli imemwahidi nafasi ya mapokezi akipeleka cheti cha kompyuta kabla ya tarehe kumi na tano Juni. Ikipita hapo watamchukua mtu mwingine. Kwa miezi saba amekuwa akija kwangu na maswali yake. Leo ameyapeleka kwa Sumaiya.

Si kijicho. Naandika hivyo na kalamu yenyewe inanicheka.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua, na umeme ulikatika kutoka saa mbili hadi alasiri. Sikufanya lolote. Sumaiya naye hakufanya lolote, jambo lililonifariji.

Jumanne, 5 Mei

Wanafunzi wameweka mfumo wao wenyewe. Wawili wawili, flashi saba, kubofya na kucheka. Kufikia saa sita mashine kumi na nne zilikuwa tayari, zote kwa Kiswahili.

Mimi nilichukua mashine nambari tisa. Nilisema nitaiweka kwa njia yangu, ili wanafunzi waone jinsi kazi inavyofanywa. Hakuna aliyeona. Nilianza saa tatu, nikakosea herufi moja katika amri ya kugawa diski, nikaanza upya. Saa saba nilikuwa peke yangu na njaa. Sumaiya alirudi akaniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada. Nilimwambia kwamba wakati mimi nikifanya kazi hii yeye alikuwa akijifunza kufunga kamba za viatu. Alisema ni kweli, mwalimu, akaenda zake. Angenijibu vibaya ningelala vizuri.

Mume wangu Haji, ambaye ni fundi cherehani pale Kona ya Musa, amenisikiliza jioni nzima akipinda ukingo wa buibui. Mwishowe amesema huyu Sumaiya ninamtaja nyumbani kuliko ninavyomtaja yeye. Nimemwambia ashone.

Alhamisi, 7 Mei

Leo nimeona kitu.

Darasa lilianza saa tatu kama kawaida. Nusra alikaa kwenye mashine nambari tisa, ile ya kwangu, kwa kuwa alichelewa na hakuna mwingine aliyeitaka. Baada ya kidogo akaita, "Mwalimu, mashine yako imekosea saa. Hii ni saa tatu, yenyewe inasema tisa." Mwingine akasema mashine ya tisa lazima isome saa tisa. Wakacheka wote, Sumaiya naye akatabasamu. Kwenye skrini zao zote kumi na nne pale pembeni palikuwa na 3:05 asubuhi. Kwangu palikuwa na 09:05.

Nilikuwa nimefungua mdomo ili niwaambie kwamba yangu ndiyo sahihi, kisha nikaufunga, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa.

Kompyuta zote duniani huhesabu saa kwa Kizungu, kuanzia usiku wa manane. Sisi tunaisoma tisa yao tukasema tatu, bila hata kufikiri; mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Lakini ukurasa ule wa Sumaiya ulimwuliza kwa Kiswahili, Saa, na mbele yake akachagua Asubuhi. Ukimwuliza Mswahili saa kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiswahili. Ilikuwa saa tatu asubuhi, akaandika 3, akachagua asubuhi, na wanafunzi wake wakafanya hivyo hivyo. Lugha ingekuwa Kiingereza asingekosea. Kwa mashine, tatu ya asubuhi ni saa tisa ya usiku, watu wamelala. Mashine kumi na nne ziko nyuma kwa saa sita kamili, na hakuna atakayejua, maana kila anayetazama anaona saa ileile anayoitarajia. Darasa letu ni la asubuhi tu; mchana maabara hufungwa.

Bwana Mwinga aliingia, akaambiwa kisa cha mashine ya tisa, akafurahi kupita kiasi. Amesema hatimaye tumepata kompyuta zinazosoma saa kama watu wa hapa. Akampongeza Sumaiya. Akaniambia mimi nirekebishe ile yangu ifanane na za wenzangu.

Sikusema kitu. Naandika sababu, kwa kuwa humu ndimo mahali pekee ninapoweza kuiandika. Nataka aanguke. Si kwa jambo kubwa. Nataka siku moja kitu kimkwame mbele ya watu, ashangae, kisha aje kwangu aniulize, nami nimjibu nikiwa nimekaa.

Ijumaa, 8 Mei

Manyunyu tu. Nimeirekebisha mashine nambari tisa. Nimeifikisha 3 asubuhi kama nyingine, na nilijua ninachofanya.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua kubwa. Barabara ya kuelekea Lunga Lunga imejaa maji, wanafunzi wanane tu wamefika. Sumaiya amefika akiwa amelowa mpaka kwenye miwani. Amewafundisha wanane kana kwamba ni themanini.

Alhamisi, 14 Mei

Wamemletea Sumaiya mabuyu ya rangi na achari. Mimi niliwahi kuletewa kalenda.

Jumatatu, 18 Mei

Leo nilikaribia kumwambia. Alikuja mezani kwangu wakati wa chai, akaketi bila kualikwa, akaniuliza jinsi ya kuwatuliza wanafunzi kabla ya mtihani, maana yeye mwenyewe hapati usingizi. Nilimweleza. Aliandika nilichosema. Niliona jinsi anavyouma ncha ya kalamu, vile vile kama alivyokuwa akifanya akiwa kidato cha pili, na kitu kikalegea ndani yangu. Nikasema, "Sumaiya, zile saa." Kisha Bwana Mwinga akapita, akasema kwa sauti kwamba kuanzia Julai Sumaiya ndiye atakayekuwa mkuu wa maabara, kwa kuwa vijana ndio wa zama hizi, na mimi nitasaidia pale panapohitajika. Akaenda zake akipiga mluzi.

Sumaiya aliona haya. Aliniambia hakuomba. Akauliza nilikuwa nataka kusema nini kuhusu saa. Nikamwambia nilitaka kuuliza mtihani unaanza saa ngapi.

Jumatano, 20 Mei

Mtihani. Hakukunyesha.

Mtahini ametoka Mombasa, jina lake Bwana Tsofa, mtu mzima mtaratibu mwenye mkoba uliochakaa. Bahasha ya maswali ilifunguliwa mbele yetu saa tatu kamili. Watahiniwa kumi na wanne walifanya kazi mpaka karibu na saa sita, kisha Bwana Tsofa akapita mashine moja moja akichukua kazi zao kwa flashi yake. Nusra alikaa kwenye nambari tisa. Alipomaliza alinifuata mimi, si Sumaiya, akaniambia maswali yote ameyaweza. Nilifurahi kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Tumekula, tumetembeleana. Haji amenishonea dera la zambarau. Leo simtaji mtu.

Jumanne, 2 Juni

Mvua imerudi. 

Barua ilifika saa nne. Bwana Mwinga alitukusanya walimu wote ofisini akaisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. Ofisi ya mitihani imekagua kazi za watahiniwa wetu. Kila kazi ina alama ya wakati ilipohifadhiwa. Kazi zote kumi na nne, bila kubakisha hata moja, zilihifadhiwa tarehe ishirini Mei kati ya saa tisa na dakika kumi usiku na saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Bahasha ilifunguliwa saa tatu asubuhi. Kwa hiyo, inasema barua, watahiniwa waliyapata maswali kabla, waliingizwa maabara usiku, na walioketi mbele ya mtahini walikuwa wakiigiza. Matokeo yamezuiwa. Tuna siku saba za kujibu kwa ushahidi. Tukishindwa, watahiniwa wote watafutiwa matokeo na hawatafanya tena mpaka mwakani.

Bwana Mwinga aliuliza ni nani mwenye ufunguo wa maabara. Alijua. Sote tulijua. Sumaiya alisema, "Mimi," na uso wake haukuwa na damu.

Ameambiwa asifike chuoni mpaka aitwe.

Nilikuwa nimetaka kitu kimkwame mbele ya watu. Kimemkwama. 

Jumatano, 3 Juni

Nusra alikuja nyumbani kwangu na mtoto mgongoni. Hoteli imemkumbusha kuhusu tarehe kumi na tano. Aliniuliza kama ni kweli Sumaiya aliiba mtihani, kwa sababu mitaani ndivyo inavyosemwa. Nikasema sidhani. Hilo tu. Miezi saba nimemfundisha, na kama ningeiacha mashine nambari tisa ilivyokuwa, kazi yake ingesomeka saa tatu asubuhi, na ya kwake peke yake ingetosha kuwaokoa wengine. Nilimpa chai akanishukuru.

Alhamisi, 4 Juni

Bwana Tsofa amekuja. Kikao kilikuwa ndani ya maabara: yeye, Bwana Mwinga, mimi, Sumaiya aliyeitwa, na watahiniwa wote.

Sumaiya aliomba aone orodha ya wakati. Aliisoma akiwa amesimama. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha akaenda kwenye mashine iliyo karibu akaiwasha, akatazama pembeni pa skrini, akatazama simu yake, akaketi. Amegundua mwenyewe, kwa dakika mbili. Akaeleza yote bila kujitetea: ukurasa wa Kiswahili, tatu, asubuhi. Alisema kosa ni lake, watahiniwa hawana kosa, aadhibiwe yeye.

Bwana Tsofa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza watahiniwa kama saa za mashine zilikuwa na kasoro yoyote. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, kwa sababu Nusra, kwa kutaka kumsaidia Sumaiya, alisimama akasema saa zilikuwa sawa kabisa, siku ya mtihani alitazama mwenyewe, ilikuwa tatu kamili. Wenzake wakaunga mkono kwa nguvu zote. Sawa kabisa, saa ilikuwa sawa. Hawakuelewa wanachokibomoa.

Bwana Tsofa alivua miwani akaipangusa. Alisema, "Binti yangu, maelezo yako yana akili sana. Lakini saa ya kompyuta hubadilishwa kwa kubofya mara tatu, na ungeweza kuzirudisha nyuma jana. Nipeni kitu kilichoandikwa kabla ya tarehe ishirini Mei, chenye tarehe yake, kinachosema saa hizi zilikuwa na kosa. Nikikipata nitakitetea mimi mwenyewe mbele ya wakubwa wangu. Nisipokipata, siku saba ni siku saba."

Bwana Mwinga akatuuliza sote kama kuna aliyeona au kuandika popote. Alinikumbuka mimi, akaniuliza kwa jina. Nilisema sikumbuki.

Kitu hicho kipo. Ni daftari hili ninaloandikia sasa hivi.

Ijumaa, 5 Juni

Mvua. Nilijaribu jambo la aibu. Nilichukua daftari jipya nikaanza kunakili tarehe saba Mei, nikiacha yale mengine, niandike tu kwamba saa zimekosewa na kwamba nitamfahamisha mwalimu mwenzangu. Wino ulikuwa mbichi na mwandiko wa mtu mwongo. Nikalichoma daftari jikoni.

Nikafikiria kuuchana ukurasa. Lakini kwenye ukurasa ule sentensi ya saa na sentensi ya nataka aanguke zimekaa mstari kwa mstari, na nyuma yake ndiyo siku niliyoirekebisha nambari tisa. Nimejifungia mwenyewe kwa mkono wangu.

Jumapili, 7 Juni

Sumaiya amekuja baada ya swala ya alasiri. Haji alimkaribisha, akaona uso wangu, akatoka kwenda kutafuta vifungo ambavyo hakuvihitaji.

Nilidhani amekuja kunilaumu kwa jambo fulani, na nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Alikuja kuniomba radhi. Alisema tangu siku ya kwanza alijua kwamba ufunguo ule umeniuma, akaona haya kunirudishia kwa kuogopa kumvunjia heshima Bwana Mwinga. Alisema ile njia yangu ya skrini nyeusi alikuwa akitaka nimfundishe, kwa sababu anayejua kubofya tu hajui kinachofanyika nyuma, na haya ndiyo matokeo yake. Lakini kila aliponikaribia nilikuwa mkali, akawa ananiogopa.

Nikamwambia anywe chai. Hakunywa.

"Usiku nazihesabu siku zote, mwalimu," akasema. "Nauliza, je, kuna mtu aliyeona akaacha? Nafsi inanituma niwadhanie watu vibaya. Halafu nakukumbuka wewe. Wewe ungeliona, ungeliniambia. Ungenigombeza, lakini ungeliniambia."

Nilikuwa nimeshika sahani ya kashata. Niliiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

Alipoondoka nilibaki mlangoni. Nimemhusudu mtoto huyu kwa wiki sita. Nimehusudu miwani yake, flashi yake, mabuyu yake, jinsi watu wanavyomchekea kwa upendo na mimi wananichekea kwa woga. Na muda wote huo yeye alikuwa akiniona mtu bora kuliko nilivyo. Hilo nalo nimelihusudu, huyo Mwanatumu wake.

Nilimpigia simu Bwana Mwinga kabla ya magharibi. Nikamwambia ninacho kitu kilichoandikwa. Alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo, akauliza ni nini, nikasema ni daftari langu la muhula. Alimpigia Bwana Tsofa akanirudia. Wanalitaka daftari zima, si ukurasa. Bwana Tsofa amesema mvua na umeme uliokatika vimeandikwa mahali pengine pia, atalinganisha siku kwa siku ajue kwamba halikutungwa jana. Litasomwa kwa sauti mbele ya watahiniwa na mbele ya Sumaiya, kwa kuwa kesi ni yao.

Haji amerudi bila vifungo. Nimemweleza yote. Aliniuliza kama ndani ya daftari nimemtaja yeye. Nikasema mara chache. Akasema basi kesho atanisindikiza.

Jumatatu, 8 Juni

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Haji amekaa pembeni yangu na kofia yake magotini. Wamo ndani wananisubiri, Nusra na mtoto, wenzake kumi na watatu, Bwana Tsofa na mkoba wake. Sumaiya alinipokea langoni. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema alijua kwamba mimi ndiye nitakayewaokoa. Bado hajui kilichoandikwa.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale langoni, tukiwa wawili. Sikuweza. Kwa hiyo naandika hapa, mstari wa mwisho kabla sijalitoa, ili utakapofika mwisho wa kusomewa haya yote, Sumaiya, usikie na hili kwa mkono wangu. Niliona. Niliona tangu tarehe saba Mei, ningeweza kukuambia kwa sentensi moja, na nikanyamaza kwa sababu walikupenda kwa wiki moja kuliko walivyonipenda mimi kwa miaka kumi na moja.